Mrushaji Anayetangaza Mpira

Batey Palo Amargo, 3 Mei 1983

Mwanangu Cayo,

Mungu akubariki. Najua bado hujaomba baraka, ila posta yetu ina mwendo wa konokono, kwa hiyo nimekutangulizia.

Sisi huku hatujambo. Mguu wa baba yako umepungua uvimbe. Kiatu kinaingia sasa. Ila kukaa kimya bado hawezi, na hilo daktari hakuliandikia dawa. Mama yako anakusalimu. Nilimwambia, "Nidia, shika kalamu mwenyewe, ni mwanao." Akanijibu, "Wifi, wewe una mwandiko, mimi nina machozi tu. Andika." Basi naandika. Kiwanda kitasaga miwa mpaka mwisho wa mwezi huu, halafu unaanza msimu mfu usio na kazi, na wanaume wa batey nzima, kijiji chote hiki cha wakata miwa, watahamia kibarazani kwangu kupiga domino huku wakiniuliza kwa nini cherehani yangu ina kelele. Cherehani ni yangu, kibaraza ni changu, kelele ni zangu.

Ligi imechagua mwandishi wa mechi wa mwaka huu. Si mimi. Wamemchagua mkwe wa Don Próspero, mkubwa wa kiwanda, ambaye Jumapili iliyopita aliandika kwamba timu yetu ilimaliza raundi ya sita na watu wanne waliotolewa. Wanne! Tangu mpira huu wa besiboli uumbwe, raundi inaisha wakitolewa watatu. Miaka ishirini na minne nimeandika kila mechi ya Palo Amargo kwa mkono huu, na miaka ishirini na minne sahihi chini ya karatasi imekuwa ya mwanamume aliyekuwa akinunua soda wakati mimi naandika. Sisemi zaidi.

Sasa hili lililonifanya nishike kalamu. Barua yako ya Aprili ilikuwa na mistari sita. Wa kwanza baraka, wa pili baridi, wa tatu viazi, wa nne baridi tena, wa tano salamu, wa sita jina lako zima, Leocadio. Kuhusu urushaji wako wa mpira, kazi uliyoendea, hakuna kitu. Lakini gazeti la San Pedro linachapa takwimu za vijana wetu walioko huko Marekani, na mimi macho ninayo. Umeshinda mechi moja, umepoteza nne. Kwa kila raundi tisa unazorusha, wapinzani wanakufunga karibu mara saba. Msimu wa baridi uliopita, hapa nyumbani, ilikuwa mbili.

Cayo, katikati ya Julai timu hizo hupunguza watu. Unajua walivyomfanyia mtoto wa Confesor: walimpa tiketi ya ndege na kumshika mkono, na hakuna timu nyingine iliyomtazama tena. Leo anafyatua matofali. Ukirudishwa, umerudishwa.

Uliniambia kuna karatasi wanazoandika mechi inapochezwa. Nitumie. Usinipe maelezo. Nipe karatasi.

Shangazi yako,
Eduvigis


Marlow, Iowa, 21 Mei 1983

Shangazi, naomba baraka zako.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wazee wangu. Mimi niko sawa. Mwambie mama nakula vizuri, ingawa watu wa huku wanapika maharage na sukari. Nilipoonja mara ya kwanza nilidhani mama mwenye nyumba amekosea kopo. Nilipomwambia, akaongeza sukari.

Bado ninakaa chumba kimoja na Ulises, yule mdakaji wa Venezuela. Yeye ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira yangu, na kwa vidole ananiomba nirushe mpira gani. Ni mtu mwema. Siku hizi hatuongei sana. Ana mambo yake.

Karatasi hizi hapa, za mechi nne. Utaratibu wa huku ni huu: mrushaji wa kesho hachezi leo. Anakaa jukwaani nyuma ya wavu, kalamu mkononi, na kuandika kila mpira anaorusha mwenzake: wa aina gani, umekwenda wapi, mpigaji amefanya nini. Kwa hiyo kila mmoja wetu anaandikwa na mwenzake. Anayeniandika mimi ni Mmarekani mmoja mrefu ambaye hajawahi kunisalimia, lakini mwandiko wake unasomeka.

Usihangaike sana na hizo namba, shangazi. Ni baridi tu. Vidole vinakufa ganzi, mpira mvivu haushikiki. Joto likija mambo yatarudi.

Msalimie baba. Mwambie asikanyage mtaroni na mguu ule.

Mwanao,
Leocadio


Batey Palo Amargo, 8 Juni 1983

Mwanangu Cayo,

Mungu akubariki na akuongezee ukweli.

Barua yako imefika jana baada ya siku kumi na saba. Sote wazima. Baba yako alikanyaga mtaroni siku ile ile niliyomsomea ulivyosema asikanyage. Mama yako amekwenda kwa miguu hadi kanisa la Bikira kule Higüey kuwasha mshumaa kwa ajili yako, yeye na wanawake wengine tisa, na wamerudi na malengelenge kumi na matatu. Nimehesabu mimi, maana ndiye niliyeyatoboa.

Mimi sikuwasha mshumaa. Nilisafisha meza ya kukatia nguo na kutandaza karatasi zako nne.

Umerusha mipira mivivu hamsini na miwili. Wapigaji wamepiga hewa mara saba. Mara saba tu! Msimu uliopita hapa nyumbani, nimetazama daftari langu, ulirusha sitini, wakapiga hewa mara ishirini na sita. Mpira mvivu kazi yake ni moja: mkono uende kwa kasi ile ile, bega lile lile, uso ule ule, halafu mpira uje taratibu kama mzee anayetoka kanisani, na mpigaji awe ameshamaliza kuzungusha gongo lake kabla mpira haujafika. Ni uongo mtupu, na ulikuwa unauongopa vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwandika.

Sasa unaniambia baridi. Baridi inakamata vidole vyote, haichagui. Kama vidole vimekufa ganzi, mbona mpira wako wa kasi uko vile vile? Mbona haupotei, unakwenda pale pale unapotaka? Karatasi ya nne inasema siku hiyo kulikuwa na joto, watu walivua makoti. Mipira mivivu kumi na minne, hewa mara moja.

Hapana. Mpira wako haujaharibika. Wanajua unakuja. Mpigaji anayejua kwamba mpira mvivu unakuja anausubiri kama anavyosubiri chai ipoe.

Na nani anawaambia? Nikwambie ninavyofikiri. Huyo Ulises wako anaonyesha vidole ovyo. Mkimbiaji wa wapinzani akifika kituo cha pili, nyuma ya mgongo wako, anatazamana naye uso kwa uso, anasoma vidole, anampa mpigaji ishara. Mdakaji mzembe ni kama duka lisilo na mlango. Na eti hamzungumzi? Bila shaka hamzungumzi, dhamira inamsuta.

Nahitaji karatasi za aina ya pili, zile za mwandishi wa mechi zinazoonyesha ni nani alikuwa kituo gani kila mpira uliporushwa. Nizilinganishe na hizi, nimshike Ulises mkono ukiwa ndani ya chungu.

Shangazi yako,
Eduvigis


Marlow, 28 Juni 1983

Shangazi, naomba baraka zako.

Niko salama. Joto limekuja.

Karatasi ulizoomba hizi hapa, na za mechi mbili zaidi, jumla sita. Mwandishi wa mechi alinipa bila kuuliza.

Tafadhali usiandike tena hivyo kuhusu Ulises. Hana kosa lolote. Vidole vyake anavificha vizuri, na hana dhamira ya kumsuta. Kosa, kama lipo, liko kwangu. Sitaki kulizungumza zaidi.

Nilitaka kuuliza kitu kidogo. Binamu Tavito bado anatafuta watu kule kwenye matofali, au nafasi zimejaa? Nauliza tu.

Barua hii usimsomee mama.

Leocadio


Batey Palo Amargo, 13 Julai 1983

Mwanangu Cayo,

Mungu akubariki, akubariki tena, na akupe masikio.

Barua yako ilifika jana saa nne asubuhi. Leo saa mbili asubuhi nilikuwa San Pedro, ofisi ya simu, nimekutumia telegramu. Ukisoma barua hii telegramu utakuwa umeipata zamani, na sijui utakuwa umefanya nini nayo. Naandika kama mtu anayeongea na chumba kilichofungwa mlango.

Unauliza habari za matofali "tu". Mtu mwenye kazi haulizi kazi "tu". Wamekupa siku, sivyo? Hukuniambia ni ngapi. Basi sikusubiri kuambiwa.

Kwanza, mwombe radhi Ulises kwa niaba yangu. Nilizipanga karatasi sita ili nimkamate, na namba zikanigeukia. Mipira mivivu yote ni sabini na minane. Nimeigawa mafungu mawili kama vipande vya suruali. Fungu la kwanza: kulikuwa na mkimbiaji kituoni. Mipira ishirini na mitatu, wamepiga hewa mara kumi na moja. Karibu nusu! Huyo ndiye Cayo wangu. Fungu la pili: vituo vitupu, hakuna mtu. Mipira hamsini na mitano, wamepiga hewa mara mbili.

Mara mbili, Cayo. Nilirudia kuhesabu nikidhani nimeruka mstari. Mama yako alikuwa mlangoni na bakuli la ndizi za kuponda, akasema, "Wifi, kula kwanza." Nikamwambia, "Nidia, nyamaza, nakaribia kuona kitu."

Maana kama mdakaji ndiye anayeibiwa vidole, ungeumizwa wakati kuna mkimbiaji wa kumwibia. Wewe unaumizwa wakati uwanja hauna mwizi. Kwa hiyo hakuna anayeiba. Wewe mwenyewe unagawa. Wazee wa mpira wana jina la jambo hili: wanasema mrushaji anatangaza. Hatangazi kwa mdomo. Mwili wake unasema ni mpira gani unakuja kabla mpira haujatoka mkononi. Mmoja hutoa ulimi akitaka kurusha wa kupinda. Mwingine hukunja uso. Marehemu Bienvenido alikuwa akivuta pumzi mbili kwa wa kasi na tatu kwa mvivu, na kwa miaka miwili hakuna aliyejua isipokuwa wapinzani wote. Mtangazaji ndiye mtu wa mwisho kujua kwamba anatangaza, kwa sababu yeye ndiye pekee asiyejiona.

Na wewe unatangaza wapi? Vituo vikiwa vitupu una nafasi: unainua mikono yote miwili juu ya kichwa, unajizungusha, unarusha. Kukiwa na mkimbiaji huwezi kujipa nafasi hiyo, atakukimbilia kituo. Unabana glavu kifuani, unashika mpira humo humo, unarusha haraka. Tofauti ya mafungu yangu mawili ni mikono juu ya kichwa. Huko juu ndiko unakotafuta mshiko wa mpira mvivu. Mshiko huo ni mpana, mpira unaingia mpaka kwenye kiganja. Mkono ukichimba, glavu inatanuka kama kuku anayepanua mbawa. Kwa mpira wa kasi haitanuki. Mpigaji anatazama tu juu: kuku amepanua mbawa, mpira mvivu huo.

Nilipofika hapo nikaweka penseli chini.

Maana nani alikufundisha kutafuta mshiko juu ya kichwa? Unakumbuka na mimi nakumbuka. Mwaka 1980, mechi na Boca Seca. Ulikuwa unashika mpira kiunoni, glavu wazi kama sahani, na kocha wao Fello akawa anapiga mluzi kila ukitaka kurusha mvivu. Mimi ndiye niliyemgundua, kwenye daftari langu. Nikakuita pembeni nikakwambia, "Peleka mikono juu, mwanangu, tafuta huko. Huko juu hakuna wa kuchungulia." Na ikafanya kazi, miaka mitatu! Nikatembea batey nzima nikijisifu.

Ilifanya kazi kwa sababu uwanja wetu umelazwa kinyume. Kiwanda kilichimba mtaro, tukageuza uwanja, na tangu hapo jua la alasiri liko mgongoni kwa mrushaji na machoni kwa mpigaji. Ukiinua mikono juu, unaiingiza ndani ya jua. Fello angeweza kuleta darubini, asingeona kitu. Na sisi tunacheza alasiri tu, taa hatuna. Sikuwahi kukuandika kwenye uwanja mwingine zaidi ya mechi mbili tatu. Lakini huko wanacheza chini ya taa za umeme, viwanja vyao vimelazwa sawasawa, na mimi nimekutuma huko ukiwa na ubao wa matangazo juu ya kichwa.

Dawa ya mwaka 1980 ilikuwa kufunga glavu kifuani. Basi. Mimi nikakuambia uinue. Miaka yote hiyo nimeandika makosa ya kila mtu. Baba yako nilimwandikia kosa siku ya harusi yake, maana aliacha mpira ukapita katikati ya miguu asubuhi na jioni akaoa. Hili sasa ni langu, na ni kubwa kuliko yote niliyoandika.

Nilimwambia karani wa telegramu aandike: SHIKA MPIRA KIFUANI NDIPO UINUE MIKONO. NILIKUFUNDISHA VIBAYA. EDUVIGIS. Kijana wa watu akanionea huruma. "Doña, unaweza kutoa maneno mawili hapa katikati, ujumbe unaeleweka bila hayo." Nikamwambia, "Mwanangu, hayo mawili ndiyo siyatoi. Kama lazima upunguze, toa jina langu." Akaacha yote tisa.

Sijui siku walizokupa ni ngapi. Sijui kama zimekwisha. Mama yako sijamwambia kitu, na anajua kila kitu.

Shangazi yako,
Eduvigis


Marlow, 20 Julai 1983

Shangazi, naomba baraka zako, na safari hii nipe za kujaa kiganja.

Barua yako ndefu, kama umeiandika, bado haijafika. Telegramu ndiyo ninayo. Nimebaki, shangazi. Naanza na hilo ili usisome yaliyobaki ukiwa umeshika moyo. Nimebaki.

Sasa nikuambie niliyokuwa nayakwepa.

Tarehe 25 Juni Bwana Kessler, meneja wetu, aliniita ofisini, Ulises akatafsiri. Akasema nina mechi tatu, ya mwisho tarehe 17 Julai, na kama hakuna kitakachobadilika tiketi yangu ya ndege iko tayari. Mechi mbili za kwanza walinipiga vile vile. Nilikuwa nimeshakunja nguo zangu.

Na kuna jambo lingine, hili ndilo linalonitia aibu. Nilikuwa najua. Ulises aliniambia tangu tarehe 11 Mei. Tulikuwa chumbani, ameegemea ukuta anamenya chungwa. "Cayo, nikwambie kitu usikasirike? Glavu yako inapiga kelele. Ukitaka kurusha mvivu, kule juu inafunguka. Hata bibi anayeuza bisi ameshajua."

Nikamwambia, "Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha hivyo."

"Basi shangazi yako amekosea."

"Rudia."

"Nasema amekosea. Ni mtu, si Bikira Maria."

"Shangazi yangu ameandika mechi nyingi kuliko ulizocheza wewe na ukoo wako wote! Wewe hufai hata kumfunga kamba za viatu!"

Nilimshika shati, shangazi. Chungwa likaanguka. Tangu siku hiyo tukawa tunaongea kwa vidole vya mechi tu. Na wewe ulipoandika kwamba yeye ndiye mwenye kosa, nilitaka ardhi inimeze, kwa sababu alikuwa amenitendea haki na mimi nimemnyamazia.

Usiniulize kwa nini sikubadilisha kimyakimya. Nilijaribu mara moja mazoezini, nikashika mpira kifuani. Nikakuona umeketi nyuma ya wavu na daftari lako, kama Jumapili zote zile. Nikarudisha mikono juu. Niliona afadhali nirudi nyumbani nikiwa nimefuata ulichonifundisha kuliko nibaki kwa kukusahihisha. Najua ni upumbavu. Wakati ule sikuuona hivyo.

Telegramu ilikuja tarehe 15, mchana. Mama mwenye nyumba alidhani kuna msiba, akaniletea na kipande cha keki. Sehemu ya kwanza haikuwa ngeni, nilikuwa nimeshaisikia kwa Ulises. Ni yale maneno mawili yaliyofuata ndiyo yaliyonifungua. Nilikaa kwenye ngazi nikala keki yote.

Halafu nikampelekea Ulises aisome. Akasoma, akanitazama.

"Huyu ndiye shangazi?"

"Ndiye."

"Yule yule ambaye si Bikira Maria?"

"Yule yule."

"Leta glavu," akasema. "Tuna siku mbili."

Tulirusha nyuma ya nyumba mpaka jirani akaja kulalamika, kisha akabaki kutazama. Kifuani, funga, shika, ndipo juu. Mara mia na arobaini siku ya kwanza, nilihesabu kwa ajili yako.

Tarehe 17 nilipanda kwenye tuta la kurushia. Mpigaji wa kwanza alikuwa yule mnene wa mkono wa kushoto aliyenipiga mipira miwili nje ya ukuta mwezi wa tano. Ulises akaomba mvivu kwa mpira wa kwanza kabisa. Nikatikisa kichwa kukataa. Akaomba tena. Nikakataa tena. Akasimama, akaja mpaka kwenye tuta, akaziba mdomo kwa glavu.

"Unaogopa nini?"

"Kama si hicho? Kama kosa si mikono?"

"Shangazi yako amekiri kwa telegramu, wewe bado unambishia? Rusha!"

Nikarusha. Yule mnene alitazama juu ya kichwa changu, shangazi, niliona macho yake yakitafuta, kama mtu aliyezoea kusoma saa ukutani na leo saa haipo. Akazungusha gongo kabla ya mpira kufika hata nusu ya njia, akapiga goti. Ulises alicheka kwa sauti, mwamuzi akamkaripia.

Raundi saba. Wamefunga mara moja. Karatasi imo humu ndani, imeandikwa na yule Mmarekani mrefu; baada ya mechi alinisalimia. Mipira mivivu kumi na tisa, wamepiga hewa mara kumi. Bwana Kessler alipita karibu yangu chumba cha kuvalia, akaona begi langu limefungwa, akalivuta zipu mwenyewe na kulifungua, akaenda zake. Ijumaa nitarusha tena.

Ulises anasema amekusamehe yale uliyoyaandika. Nilimsomea. Sehemu ya duka lisilo na mlango aliipenda, anaitumia kwa wadakaji wengine.

Mwanao,
Cayo


Batey Palo Amargo, 8 Agosti 1983

Mwanangu Cayo,

Mungu akubariki. Zimejaa kiganja, na nyingine zimemwagika.

Barua yako ilifika juzi. Tangu siku niliyotuma telegramu hadi juzi ni siku ishirini na nne, na siku hizo nimeshona suruali tatu zenye mguu mmoja mfupi. Wenyewe wamekuja kulalamika. Nimewaambia watembee kiubavu.

Niliisoma nikiwa nimesimama posta. Sikukaa, maana nilijua nikikaa sitaweza kuinuka. Nilipofika "nimebaki", karani akauliza kama nahitaji maji. Nikamwambia nahitaji kurudi nyumbani kumwambia wifi yangu. Mama yako alikuwa anafua. Nikasema, "Nidia, amebaki." Hakuuliza nani wala wapi. Alikaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni, akasema, "Sasa nitakula." Kumbe mwezi mzima amekuwa akimlisha mbuzi chakula chake, na mimi ninayehesabu kila kitu hilo sikulihesabu. Baba yako amesema alijua siku zote kwamba mambo yatakuwa sawa. Jana nimeona mishumaa mitatu imefichwa nyuma ya redio yake.

Kuhusu kunyamaza kwako sijui nikuandikie nini. Nimekasirika, kwa kuwa ungeweza kuharibu maisha yako kwa heshima. Halafu nikikumbuka uliponiona nyuma ya wavu, hasira inayeyuka, na sipendi hali hiyo, siifahamu. Ukinikuta nimekosea tena, niambie siku hiyo hiyo. Umri wangu unaniruhusu kuumia. Umri wako haukuruhusu kupoteza miezi miwili.

Ulises mwambie aje Desemba, atalala kwangu, nitampikia maharage yasiyo na sukari.

Sasa la mwisho. Jana Jumapili nilikwenda uwanjani. Mkwe wa Don Próspero ameketi mezani na karatasi yake, mimi nikapita moja kwa moja mpaka kwenye tuta. Kwa nini? Kwa sababu tangu uondoke kila mrushaji wa Palo Amargo anainua mikono juu kabla ya kushika mpira, kama wewe. Wako sita. Wote walinisikia nikijisifu mwaka ule. Uwanja wetu unawaficha. Siku watakayokwenda kwenye uwanja wa watu, watavuliwa nguo.

Nikasema, "Sikilizeni. Mikono kifuani, glavu ifungwe, mshike mpira, ndipo muinue. Ile ya zamani ni kosa."

Tavito akaniuliza kutoka kwenye tuta, na batey nzima inasikiliza, "Kosa la nani, doña? Si wewe uliyetufundisha?"

Meneja wa ligi akageuka. Wacheza domino wakageuka. Yule mkwe akaacha kuandika.

"Langu," nikasema.

"Hatujasikia huku nyuma!" mtu akapiga kelele kutoka kivulini, na najua ni nani.

"Langu!" nikapaza sauti. "Eduvigis Berroa! Mwaka 1980, mwezi wa tatu! Unataka na saa?"

Walicheka mpaka mbwa wakabweka, na mimi, sijui ilikuwaje, nikacheka nao. Kisha Tavito akabana glavu kifuani, akachimba mshiko wake humo ndani, akainua mikono. Nikaitazama ile glavu kule juu, ndani ya jua. Haikutikisika. Mpira ukaja polepole kabisa, mpigaji akapiga hewa.

Nikamgeukia yule mkwe nikamwambia, "Andika hiyo."

Shangazi yako,
Eduvigis